Okestra modeli kwa anayeimba na kujipigia mwenyewe

Msomaji wa Tororo ameniandikia hivi: "Salaam, mzee. Naimba na kujipigia gitaa kanisani, na wakati mwingine kwenye kwanjula, zile sherehe za kumtambulisha mchumba, na harusi ndogo ndogo. Napiga kwa vidole; plaki, kile kibanzi cha kukwaruzia nyuzi, siijui. Gitaa langu ni lile kubwa, drednoti. Ibada ikiisha bega la kulia linawaka moto, na watu wanaokaa nyuma wananiambia wanasikia gitaa kuliko maneno. Rafiki yangu wa Nairobi anasema nitafute okestra modeli. Wewe unazipenda zipi, na zina nini ambacho langu halina?"

Salama, binti yangu. Majina ya magitaa utayapata, lakini subiri kidogo. Anayeanza na majina huishia kununua jina.

Tuanze na bega, maana ndilo lililokufanya ushike kalamu. Drednoti ya kawaida ya Martin, kiwanda cha magitaa cha Marekani, ambayo karibu kila kiwanda duniani kimeiiga, ina kina cha milimita 124 hivi upande wa chini, kule ambako mkono wako wa kulia unapanda. Okestra modeli, ambayo kuanzia hapa nitaiita OM kama inavyoandikwa ndani ya tundu lake, ina milimita 105 hivi. Tofauti haifiki sentimita mbili. Sasa chukua kitabu cha unene huo, kiweke kwapani, halafu piga gitaa saa moja na nusu mkono ukiwa umekipandia. Utaelewa bega lako linalalamikia nini. Juu ya hayo, upana wa tumbo la OM ni milimita 381 dhidi ya 397 za drednoti, na kiuno chake kimebanwa zaidi. Kwa hiyo ukikaa, linazama pajani badala ya kusimama juu ya paja kama sanduku la nguo. Wanawake wengi waliowahi kupita kwenye karakana yangu wakashika OM kwa mara ya kwanza walishusha bega bila kuambiwa na mtu. Wanaume pia, ila wao hawasemi.

Hilo la bega lingetosha kukufanya ubadilishe gitaa, lakini jambo lako kubwa zaidi ni lile la watu wa nyuma.

Karakana yangu iko Ndeeba, Kampala, ambako misumeno ya mbao hainyamazi siku sita kwa wiki. Kama nataka kusikiliza kitu kwa makini nasubiri Jumapili mchana. Jumapili moja nilikuwa na magitaa mawili mezani: OM-18 ya Martin, iliyoletwa na mteja nishushe nyuzi kidogo, na drednoti ya kanisa fulani niliyokuwa nimemaliza kuibandika daraja, kile kibao cha tumboni kinachoshikilia nyuzi. Nikayafunga yote mawili nyuzi mpya za aina moja, seti ya 12 hadi 53, yaani unene wa uzi mwembamba hadi mnene kwa elfu za inchi. Nikapiga uzi wa sita peke yake kwa gumba, bila kubana popote. Kwenye drednoti noti ilijaa chumba na haikutaka kuondoka. Kikopo changu cha skrubu kikaanza kulia chenyewe mezani. Kwenye OM noti ileile ilikuja na umbo lake. Nilisikia inapoanza, nikasikia inapoisha, kikopo kikakaa kimya. Halafu uzi wa kwanza, ule mwembamba. Hapo mambo yaligeuka: wa drednoti ulikuwa kama unatoka kwenye gitaa jingine, dogo, lililoko chumba cha pili. Wa OM ulikuwa na nyama.

Nikamwita mjukuu wangu aimbe wimbo wowote anaoujua huku akijipigia, kwanza kwa hili, kisha kwa lile. Mimi nikatoka nje, nikasimama barabarani hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Kwa drednoti nilisikia wimbo vizuri sana, ila maneno yalikuwa irabu tupu: a, e, o. Konsonanti zilikuwa zimemezwa. Kwa OM nilisikia sentensi.

Sababu yake haina uchawi. Sanduku kubwa lina hewa nyingi, na hewa nyingi hutetema polepole. Upulizie mtungi mkubwa mdomoni unguruma, uipulizie chupa ya soda ikupigie filimbi. Drednoti ni mtungi. Sauti zake za chini zinasukumwa mbele na hewa ya ndani, na hizo ndizo zinazotandika blanketi juu ya sauti ya mtu anayeimba kwa upole. Ukiongeza maikrofoni moja ya kanisa iliyosimama kati ya mdomo na gitaa, ile besi inarudi kupitia spika na kuanza kuvuma. Fundi mitambo anashusha sauti yote, na wewe umepotea pamoja nayo. Jina lenyewe la drednoti lilitoka kwenye manowari ya Waingereza, HMS Dreadnought ya 1906. Manowari ina kazi yake. Mbele ya kwaya ya watu sitini wenye ngoma na vigelegele, ukiwa na plaki mkononi, nitakupa drednoti bila kufikiri mara mbili, maana OM ukiichapa kwa nguvu hufika mahali inakataa: sauti haiongezeki tena, inajikunja tu. Kazi uliyonieleza wewe ni nyingine.

Cha kuchekesha ni kwamba OM haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Mwaka 1929 mpiga banjo wa Atlanta, Marekani, aitwaye Perry Bechtel, aliwaendea Martin kule Nazareth, Pennsylvania, akitaka gitaa ambalo mpiga banjo angeweza kulizoea. Zama zile bendi za dansi zilikuwa zinaacha banjo na kuhamia gitaa, na watu wa banjo walikuwa wamezoea shingo nyembamba yenye nafasi nyingi za kubana kabla vidole havijagonga sanduku. Magitaa ya Martin ya wakati ule yalikuwa na freti, vile vichuma vya kukata shingo, 12 tu nje ya sanduku. Martin wakachukua umbo lao lililoitwa 000, wakabana mabega ya sanduku yakawa mafupi, shingo ikapata freti 14 nje, wakaliita Orchestra Model kwa sababu lilikusudiwa wanamuziki wa okestra za dansi. Lilitengenezwa hadi 1933. Mwaka 1934 jina likafutwa, umbo likarudishiwa jina la 000 na uzi ukafupishwa, huku freti 14 zikiwa zimekubalika kiasi kwamba leo hii ukiingia duka lolote la gitaa, karibu kila gitaa la nyuzi za chuma lina freti 14 nje. Yote hayo kwa ajili ya mtu wa banjo mwenye plaki. Miongo ilipita ndipo wapigaji wa vidole wakayafukua yale ya zamani wakakuta ndiyo waliyokuwa wakiyatafuta. Mmoja wao, Eric Schoenberg, alichangia sana kulirudisha umbo hilo sokoni.

Mambo matatu ndiyo yanayolifanya OM liwe OM, na ukiyajua haya jina la kiwanda litakuwa halikutishi.

La kwanza ni urefu wa uzi unaotetema, yaani kutoka kile kizingiti cha juu ya shingo hadi tandiko lililoko darajani. OM ina milimita 645. Ndugu yake 000 ina 632. Ni gitaa lenye sanduku lilelile kabisa, na wauzaji wengi huyachanganya. Milimita 13 zaonekana upuuzi, lakini uzi uleule ukitaka utoe noti ileile kwenye urefu mkubwa lazima ukazwe zaidi, na hapa ongezeko ni kama asilimia 4. Uzi uliokazwa hujibu haraka na kwa uwazi, hasa gumba linapotembea kwenye nyuzi nene. Uzi mfupi ni laini, unapindika vizuri chini ya kidole, na noti yake ina utamu wa uvivu fulani. Kama vidole vyako ni dhaifu au una maumivu ya viungo, usione aibu kuchagua 000.

La pili ni nafasi kati ya nyuzi. Kizingiti cha OM ya kweli kina upana wa milimita 44.5, wakati drednoti nyingi zina 43 hivi. Kwa mtu wa plaki hiyo haina maana yoyote. Kwa mtu wa vidole ni kama tofauti ya kukaa watatu na kukaa wanne kwenye kiti cha nyuma cha teksi ya kwenda Mbale.

La tatu halionekani mpaka uingize kioo kidogo na tochi ndani ya tundu. Chini ya ubao wa mbele kuna mataruma, vile vijiti vya mbao vinavyopishana kama herufi X, vinavyozuia nyuzi zisiung'oe ubao. Kwenye OM-28 ya Martin, kwa mfano, mataruma yana upana wa milimita 6.4 hivi, na yamechongwa mabonde katikati ili yawe mepesi. Kwenye drednoti nyingi za kiwanda hichohicho ni milimita 8. Ubao mwepesi juu ya mataruma mepesi ndio unaokujibu hata ukigusa kwa ncha ya kidole. Hili ndilo wauza magitaa ya bei ya chini wanalolipuuza kuliko yote: wanaiga umbo la nje, ndani wanaweka vijiti vinene kama vya kuezekea, maana gitaa lenye mataruma manene halirudi dukani limepasuka. Halirudi dukani, na haliimbi.

Nami liliwahi kunipata. Zamani, kabla sijawa na akili, nililipia gitaa kwa simu katika duka moja la mjini kwa sababu lebo ya ndani iliandikwa OM kwa herufi nzuri za dhahabu. Lilipofika nikalipima: kina kilikuwa cha drednoti kasoro kidogo, kizingiti milimita 42, na ukingo wa tundu ulionyesha tabaka tatu za plaiwudi kama chapati zilizobandikwa. Nilimpigia mwenye duka, akaniambia OM ni "ordinary model". Nilicheka mpaka hasira ikaisha. Gitaa lile bado ninalo. Linashikilia mlango wa stoo usijifunge.

Kwa hiyo beba rula ya shule. Pima kutoka kwenye kizingiti hadi kile kichuma cha freti ya 12: ukipata sentimita 32.2 na ushei, uzi ni mrefu, ni OM. Ukipata 31.6, ni 000, hata lebo iseme vingine. Hesabu freti hadi sanduku: 14. Kisha chungulia ukingo wa tundu. Mistari ya mbao unayoiona juu ya uso inapaswa kuteremka moja kwa moja hadi chini ya ukingo bila kukatika. Ikikatika na chini yake ukaona rangi nyingine ya mbao, hiyo ni plaiwudi iliyovikwa ngozi ya sprusi, ile mbao nyepesi ya ubao wa mbele.

Sasa majina, kwa vile umesubiri.

Ninayoipenda kuliko zote ni OM-18 ya Martin, na nitakwambia kwa nini naiweka mbele ya OM-28 ambayo ni ghali zaidi na ndiyo inayosifiwa na wengi. Zote mbili zina ubao wa mbele wa sprusi. Tofauti iko mgongoni na mbavuni: 28 ina rozwudi ya India, 18 ina mahogani. Rozwudi ni mbao nzito na ngumu, inarudisha sauti nyingi, kila noti inakuja na mkia wa kengele nyuma yake. Ukipiga gitaa peke yake bila kuimba, huo mkia ni mali. Lakini ukiimba, mkia wa noti ya kwanza unakanyagwa na neno la pili, na neno la tatu linakanyaga mikia miwili. Mahogani haina mkia mrefu. Inasema neno lake, inanyamaza, inakuachia nafasi. Mtu anayesimulia jambo kwa wimbo anahitaji gitaa linalojua kunyamaza.

Mtu wa Uganda nisimweleze sana hapa. Tumelelewa na kadongo kamu: gitaa moja, mtu mmoja, na hadithi ndefu ya ndoa au kifo au mji. Jina lenyewe ni hilo, kigitaa kimoja, na ndani yake mna endongo, kinanda cha nyuzi cha wazee wa Buganda. Msikilize Elly Wamala, msikilize Herman Basudde au Paulo Kafeero: gitaa linatembeza besi kama mtu anayetembea njiani, nyuzi nyembamba zinajibu, na hakuna neno linalopotea, kwa kuwa neno ndilo kazi yenyewe. Au nenda kusini-magharibi, Katanga ya Kongo, kwa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952. Gumba na kidole cha shahada tu, anaimba Kiswahili, na gitaa lake linaongea sauti mbili au tatu bila moja kumfunika mwenziwe. Sisemi walipiga OM. Nasema muziki wanaoufanya unaomba gitaa lenye mizani: nyuzi sita zenye ukubwa mmoja wa sauti, kila moja ikisubiri zamu yake. Hiyo mizani ndiyo sifa ya OM, na mahogani inaisaidia kuliko rozwudi.

Hapo watu wa rozwudi watanirushia mawe. Warushe. OM-28 ni gitaa zuri mno, ndiyo ya kwanza katika ukoo wake, na kwa mtu anayepiga nyimbo zisizo na maneno ningemwambia ainunue kesho kama anazo dola zaidi ya 3,000 na pesa ya ushuru na VAT ya asilimia 18 ikimngoja Entebbe. Kuna pia OMJM ya Martin iliyobeba jina la John Mayer, mwanamuziki wa Marekani, yenye ubao wa mbele wa sprusi ya Engelmann, ambayo ni laini kuliko ya Sitka na hujibu mguso mdogo. Niliwahi kuipiga nusu saa. Iliyonishika zaidi ni shingo yake kuliko sauti.

Collings wa Austin, Texas, wanatengeneza OM1 ya mahogani na OM2H ya rozwudi. Mwanzilishi wao, Bill Collings, alifariki 2017, lakini kazi yao ungedhani bado anasimama nyuma ya kila fundi. Niliwahi kupewa OM2H niweke nyuzi. Nikatafuta kosa la gundi ndani yake kwa tochi dakika kumi nzima, kwa wivu tu, nikalikosa. Sauti yake ni kavu, safi, ya moja kwa moja. Wengine huiona baridi. Bei yake sitaiandika hapa, nisije nikakuharibia siku.

Turudi duniani. Eastman, magitaa yanayotengenezwa Beijing na kampuni iliyoanza kwa vinanda vya fidla, ndiyo ninayowaelekeza watu wenye pesa ya kati. E1OM yao ina mbao kamili, si plaiwudi, pande zote: sprusi mbele na sapele nyuma na mbavuni, kizingiti kipana, na mataruma yasiyo ya woga. Marekani inauzwa chini ya dola 1,000. Ukipata E10OM, yenye sprusi ya Adirondack na mahogani, umepata binamu wa karibu sana wa OM-18 kwa bei isiyofanana nayo hata kidogo. Kasoro ninazoziona hapa mezani ni za juu juu: freti zenye ncha kali, kizingiti kilichochongwa juu mno. Hizo ni kazi ya fundi ya asubuhi moja.

Neno dogo kuhusu sapele, kwa kuwa wauzaji huinamisha sauti wanapoitaja, kama vile ni mahogani ya maskini. Ni mti wetu. Unamea katika msitu wa Budongo kule Masindi pamoja na mkangazi, ambao ni mahogani ya Kiafrika. Mbao inaondoka Afrika bei ya mbao, inarudi bei ya gitaa. Rozwudi nayo ina ndugu huku pwani: mpingo, ambao wachongaji wa Kimakonde wanauchonga vinyago, ni wa jamii hiyohiyo ya Dalbergia. Jamii hiyo yote iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa Januari 2017, hata gitaa lililokamilika likawa linahitaji karatasi mpakani, mpaka mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilipoondolewa kwenye masharti hayo. Rozwudi ya Brazili ni hadithi nyingine. Hiyo bado imefungwa. Ukiona mtu anakuuzia gitaa la rozwudi ya Brazili kwa bei nzuri mtandaoni, funga simu.

Kama mfuko ni mdogo kabisa, tafuta Yamaha FS800. Haliitwi OM, nyuzi zake ni milimita 634, kizingiti ni 43, mgongo na mbavu ni plaiwudi. Lakini ubao wa mbele ni sprusi kamili, sanduku ni dogo, na Yamaha hawana mchezo na freti zao. Kati ya FS800 iliyokazwa vizuri na OM ya jina isiyojulikana ilikotoka, wewe binti yangu chukua FS800, utembee mbele za watu bila hofu. Bega litapona, na maneno yatasikika. Utakachokosa ni ule unene wa uzi wa kwanza niliokusimulia, na hilo utaliona baada ya mwaka, masikio yakishakomaa.

Nimebakiza 000-15M ya Martin, ambayo ni mahogani mwili mzima, hata ubao wa mbele. Uzi mfupi, kizingiti chembamba. Kwa vipimo siyo OM. Lakini kuna sauti za waimbaji, hasa za chini zenye mikwaruzo kidogo, ambazo sijasikia gitaa linalozibeba vizuri kama hilo. Haling'ai. Ni kama mtu anayekuitikia "eeh" kila unapopumua. Kama sauti yako ni ya namna hiyo, sahau kila nilichoandika kuhusu milimita 645.

Ukishalipata, tatizo litakuwa mabati. Gitaa jepesi linaumia upesi kuliko zito, na Tororo mna joto. Usilitundike ukutani chini ya bati, wala usiliache kwenye buti la gari wakati wa harusi. Ubao hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Wakati wa mvua hunywa maji na kuvimba, tumbo linapanda nyuma ya daraja na nyuzi zinakwenda juu. Januari na Februari hukauka, na ukipitisha kidole kando ya shingo freti zinakukwaruza kwa sababu mbao imesinyaa na chuma hakijasinyaa. Liweke kwenye sanduku lake, lifunge. Kuna mteja aliyeniletea gitaa zuri likiwa na daraja lililong'oka baada ya siku moja ndani ya gari lililoegeshwa juani Soroti. Gundi ilikuwa imelainika kama ugali, nyuzi zikamalizia kazi.

Nyuzi anza na 12 hadi 53, shaba ya fosfori. Namba 13 kwenye OM ni kumpandisha mtoto gunia. Na usikubali kuuziwa lenye umeme wa bei rahisi ndani kwa sababu tu unaimba kanisani. Pesa hiyohiyo iweke kwenye mbao, umeme nitakufungia baadaye.

Drednoti yako usiiuze bado. Njoo nayo Kampala siku moja, Jumapili mchana baada ya ibada za asubuhi, tuyaweke mezani mawili nawe uimbe, mimi nitoke barabarani. Kucha za mkono wa kulia usizikate wiki hiyo. Njoo nazo kama zinavyokuwa ukipiga kanisani.